Dobi Hakupotea

Neno lenyewe lilianza kama utani wa mlangoni. Dobi alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba ya wageni, vidole vimekufa ganzi, soksi zinatoa maji. Kinyozi akachungulia kwenye dirisha la chumba cha kulia, kijiko mkononi, akasema:

"Mama Pasi, umepotea sana."

Ndivyo watu wanavyosalimiana wasipoonana muda mrefu, na siku nyingine angemrudishia palepale. Siku hiyo hakumjibu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akawatazama. Walikuwa wanne mezani. Supu ilikuwa imefika nusu bakuli, mkate umeshamegwa, na nywele za wote zimekauka. Supu hakuijali. Zile nywele kavu ndizo zilizomchoma, maana nywele zilizolowa mlimani hazikauki kwa dakika tano.

Hawa walikuwa marafiki. Kila mwaka, shule zikifungwa, walipakia baiskeli kwenye pikapu wakaenda milimani siku tatu, kila siku mgongo mmoja. Mgongo lilikuwa neno lao wenyewe: pale barabara inapopanda mpaka ikakosa pa kupanda, ikapenya katikati ya vilele viwili, ikaanza kushuka upande wa pili. Mwalimu wa hesabu alikuwa kiongozi. Kinyozi alikuwa mdomo. Mwokaji wa mikate, mwanamke mpole, ndiye aliyeamsha wengine, kwa sababu kazi yake haikumfundisha kulala. Wa nne alikuwa karani wa mahakama, mdogo wa marehemu mume wa Dobi, na Dobi hakuwahi kumwita kitu kingine zaidi ya shemeji. Ni yeye aliyemleta kwenye kundi, mwaka mmoja baada ya msiba, akasema kukaa ndani na pasi kutamzeesha. Dobi hakuwa mwepesi. Lakini miguu yake ilikuwa imesimama nyuma ya meza ya kupigia pasi miaka ishirini na mitatu, na kwenye mlima hakuwahi hata mara moja kushuka akasukuma.

Juu ya kila mgongo palikuwa na ukuta mfupi wa kukinga upepo. Hapo waliegemeza baiskeli, wakapumzika, na kabla ya kushuka Mwalimu alihesabu. Ila hakuhesabu watu. Watu, alisema, wana miguu: huyu kaenda kujisaidia, yule anasali, yule anapiga picha, mwisho utamhesabu mmoja mara mbili. Tairi zikiegemezwa zimetulia. Kwa hiyo alihesabu tairi, na zikifika kumi alipaza sauti, "Kumi, tumetimia," watu wakapanda. Kinyozi alikuwa akisema huyu hata wanafunzi wake anawahesabu kwa viatu, ndiyo maana wenye kiatu kimoja hufeli.

Siku ya mgongo wa pili ukungu ulishuka mapema. Kona nne kabla ya kufika juu, koti la mvua la Mwalimu lilichomoka kwenye keria yake, upepo ukalichukua. Mwalimu hakujua. Dobi, aliyekuwa wa mwisho, aliliona likipita juu ya ukingo, la njano, likielea kama limevaliwa, na likatua kona mbili chini yake. Akamwita Kinyozi aliyekuwa mbele yake kidogo. Alimwambia anashuka kufuata koti la Mwalimu, wamsubiri. Kinyozi akainua mkono bila kugeuka. Dobi akageuza baiskeli.

Koti alilikuta limenasa kwenye nguzo ya ukingo. Kulipata ilikuwa kazi ndogo. Kupanda tena ndiko kulikokuwa kazi, upepo ukimpiga kifuani na ukungu umefunga kiasi kwamba aliona mita tatu tu za lami. Alijipa moyo kwa kujua kwamba juu kuna watu wanamngoja, na kwamba Mwokaji atakuwa na chai kwenye chupa.

Alipofika juu hakukuta mtu. Kwenye ukuta iliegemea baiskeli moja tu, ya zamani, ina kreti la mbao nyuma na koleo limefungwa ubavuni. Haikuwa ya mtu anayemjua. Kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara alikaa mwanamume wa makamo, mziba mashimo wa barabara, anakula viazi kutoka kwenye kopo.

Dobi alimuuliza kama ameona watu wa baiskeli.

"Wameshashuka, mama. Yapata nusu saa," akasema. "Yule mwenye kofia alihesabu kwa kidole, na yangu akaihesabu. Nikamwambia, bwana, hiyo ni yangu. Upepo ulikuwa mkali, sijui kama alisikia. Akasema kumi, wakaondoka."

Dobi alikaa kwenye jiwe. Kila mgongo alizoea kusali sala fupi ya shukrani akiwa amesimama, uso ameuelekeza alikotoka. Siku hiyo aliisali, lakini hasira ilijipenyeza katikati ya maneno, ikabidi aanze upya mara mbili. Mziba mashimo alimpa maji ya moto kwenye kifuniko cha kopo. Akamwonyesha jinsi ya kuweka kipande cha gazeti kifuani, chini ya sweta, ili upepo usimkate. Mtu asiyemjua, na amejua kwamba binadamu anasikia baridi.

Akashuka peke yake kilomita kumi na nane. Alisimama mara tano kupasha vidole tumboni, kwa sababu mkono uliokufa ganzi hauwezi kubana breki, na asiyebana breki kwenye zile kona habanwi na kitu kingine mpaka bondeni. Njia nzima alikuwa anajisemea moyoni kwamba hatasema neno. Kukosea kuhesabu ni kukosea. Watakuwa wamegundua, watakuwa wanapanda kumfuata, au wamesimama kona fulani wakiona aibu, na yeye atawacheka, na yataisha. Kila kona alitazamia kuwaona. Kona ziliisha.

Basi ndiyo hao, mezani, nywele kavu.

Alilitundika lile koti nyuma ya kiti cha Mwalimu, likawa linadondosha maji sakafuni. Mwalimu alisema asante, wala hakuuliza lilikuwa wapi. Dobi alienda kuoga, akabadilisha nguo, akarudi, akala. Alikula polepole akiwatazama mmoja mmoja. Mwalimu alizungumzia hali ya hewa. Shemeji alimsogezea chumvi ambayo hakuiomba. Mwokaji alikuwa anafinyanga kitonge cha mkate mezani mpaka kikawa cheusi. Kinyozi alitoa vichekesho vitatu, na kwa jinsi vilivyokuwa vibaya Dobi alijua ana jambo.

Jua lilikuwa bado halijazama Mwalimu alipotoa daftari. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao kuu. Kila siku ya safari Mwalimu aliandika yaliyotokea, akayasoma kwa sauti, na kila mmoja akasema "Ndivyo." Wasipokubali wote watano hayahesabiki kuwa yameandikwa. Mwisho wa mwaka daftari lilisomwa mbele ya familia zao, watoto wakicheka, na yaliyomo humo ndiyo yaliyokuwa kweli ya safari. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukataa kusema ndivyo.

Mwalimu akakohoa, akasoma. Siku ya pili. Mgongo wa pili umepandwa na wote. Ukungu mzito. Dobi alipotea kwa muda wa saa moja na nusu, akapatikana salama, Mungu ashukuriwe. Kwa mujibu wa sheria yetu, kesho atasafiri kwenye pikapu.

Sheria hiyo ilikuwepo kweli. Waliitunga zamani, baada ya mwenzao mmoja, ambaye sasa hayumo kundini, kufuata njia ya mbuzi akalala porini. Anayepotea anamalizia safari kwenye gari la mizigo. Na kesho ulikuwa mgongo wa tatu, mrefu kuliko yote, ambao mwaka jana ulifungwa kwa maporomoko na mwaka juzi Dobi alikuwa na homa. Mwaka mzima alikuwa anafunga duka saa kumi na moja na kupanda kile kilima cha nyuma ya soko mara sita, kwa ajili ya kesho.

"Ndivyo," akasema Kinyozi, haraka.

"Ndivyo," akasema shemeji.

Mwokaji aliisema kama mtu aliyekwamwa na chembe ya mkate kooni. Kisha wote wakamgeukia Dobi.

"Nani aliyenipata?" akauliza.

Mwalimu akasema hakuelewa swali.

"Umeandika nilipatikana. Nauliza nani alinipata. Mimi nimefika hapa nimekaa kwenye baiskeli yangu, nikamkuta huyu ananichungulia na kijiko."

Mwalimu akacheka kidogo, cheko la mwalimu anayemvumilia mwanafunzi. Akasema ni namna ya kuandika tu, mama asilichukulie hivyo, neno ni neno. Shemeji akaingilia kwa upole, ule upole wake wa mahakamani. Alisema jambo limeshapangwa vizuri, hata binti ameshapewa habari. Alimpigia simu walipofika.

Dobi akaweka kijiko chini. Binti yake alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mtu wa wasiwasi tangu baba yake afariki, na mwaka huu alimruhusu mama yake aje kwa shingo upande.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umepotea kidogo, shemeji, lakini asihofu. Akasema upande gari. Akasema na mwakani ubaki nyumbani, umri nao."

Dobi alikuwa mtu wa kumeza. Wateja walimtukania shati lililokuja na doa lake kutoka kwao, akameza. Wenye nyumba walimpandishia kodi, akameza. Lakini hili lilikataa kushuka. Wamemwacha kwenye baridi, hilo moja. Sasa wanampokonya mgongo wake wa kesho kwa sababu wamemwacha. Na wanamgeuza kwa mwanawe kuwa kikongwe anayezurura milimani.

"Barabara ile ni moja," akasema. "Haina njia panda, haina kichochoro, haina hata mlango wa mtu. Imeanza huku, imeishia hapa. Niambieni mtu anapoteaje kwenye uzi."

Dobi akasogeza bakuli lake kando.

"Mimi kazi yangu nguo. Wasichana wangu dukani wakija kuniambia shati la mteja limepotea, huwa nawakataza hilo neno. Shati halina miguu. Kuna mtu aliliweka mahali akaondoka, na nataka nisikie ni nani na ni wapi. Na humu ndani nataka nisikie hivyohivyo."

Kinyozi akajitia kutania, akasema basi Mama Pasi awaning'inize wote kwenye kamba. Utani ukaanguka chini, ukalala hapo. Dobi alimuuliza kama hakumwambia kwamba anashukia koti. Kinyozi akajikuna shingo. Alisema alisikia sauti, ndiyo, ila alidhani anamsalimia.

"Nikusalimie kwenye mlima kwa sababu gani? Tulikuwa pamoja tangu alfajiri."

Mwalimu hapo akavaa sauti ya darasani. Alisema yeye alihesabu kama kawaida, tairi zilikuwa kumi, hesabu haisemi uongo. Kama mtu alikuwepo halafu akaondoka bila kuaga, huko ndiko kupotea. Dobi akamwambia tairi mbili kati ya hizo zilikuwa za mziba mashimo, na kwamba mwenyewe alimwita kumweleza. Akasema amelijua hilo tangu juu, ila alitaka kuwapa nafasi walitoe wenyewe, wasilazimike kutolewa.

Uso wa Mwalimu ulibadilika, na Dobi, aliyezoea kusoma nyuso za watu wakitoa nguo chafu, aliona kwamba haukuwa uso wa mtu anayesikia habari mpya. Alikuwa anaijua. Wote walikuwa wanaijua.

Akamgeukia Mwokaji.

"Mwenzangu, nywele zenu zilikuwa zimekauka nilipofika. Mlijua saa ngapi?"

Mwokaji alianza kulia kabla hajasema. Alieleza yote akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye kona ya tatu ya kushuka walisimama kupasha mikono, Mwalimu akahesabu tena kwa mazoea, zikatoka nane. Wakakumbuka ile baiskeli yenye kreti. Yeye alikuwa ameiona juu, akaona ina kreti, lakini baridi ilikuwa kali na alitaka washuke, akanyamaza. Wakabishana. Kurudi kulikuwa kupanda dakika kumi na tano tu. Mwalimu akasema Dobi ni mtu mzima, atashuka. Kinyozi akasema miguu imeisha. Shemeji akasema, labda amepotea.

"Tukalishika hilo," akasema Mwokaji. "Tulivyofika chini tulikuwa tumeshaliamini, dada. Naapa. Tuliona kama ni kweli."

Kona ya tatu. Dobi aliikumbuka. Hapo ndipo aliposimama mara ya kwanza kupasha vidole, na hapo alijiambia lazima wanapanda kumfuata. Kukosea hesabu alikuwa amekwisha kusamehe njiani, bila kuombwa. Hii ilikuwa kitu kingine. Hawa walihesabu sawa, wakajua nani hayupo, wakatazama juu, wakatazama chini, wakachagua supu.

Alimtazama shemeji. Kaka yake, mume wa Dobi, alipokuwa anaumwa, shemeji ndiye aliyekuwa anakaa naye hospitalini zamu ya jioni ili Dobi akapumzike. Kwa hiyo lilimuuma kuliko la wengine wote.

"Wewe ndiye uliyelileta hilo neno, shemeji?"

"Nilisema labda," akasema, kwa sauti ndogo.

"Labda haimo kwenye daftari. Kwa binti yangu pia haikuwemo."

Mwalimu alichukua kalamu, akasema haya, atafuta alipotea, aandike alichelewa. Dobi akasema hakuchelewa. Mwalimu akauliza aandike walipishana. Hapana, barabara moja watu hawapishani wasionane. Kinyozi akapendekeza waruke hiyo sehemu kabisa, waandike ukungu tu. Na Mwalimu, katika kutapatapa, akasema angalau ile ya kumshukuru Mungu ibaki, kwani hiyo nayo ina ubaya gani.

"Hiyo ndiyo ya kwanza kufuta," akasema Dobi. "Mungu alikuwa na mimi kule juu. Hapa mezani hakuwepo kuwasaidia kutunga. Usimwite ashuhudie uongo wako, Mwalimu, utakuja kujibu."

Alisema bila kupaza sauti. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekuja kuondoa mabakuli, aligeuka na mabakuli mawili tu, akayaacha mengine.

Daftari likabaki wazi. Bila ndivyo ya tano ukurasa haukuwa kitu, na Dobi alikuwa amefumbata mikono mapajani, ametulia kama mtu anayengoja pasi ipate moto. Aliwaambia hana haraka. Akitaka kusimama saa nane mfululizo anasimama, kukaa je.

Aliyevunja ni Mwokaji tena. Alilivuta daftari, akaliweka mbele ya Mwalimu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Andika tulimwacha," akasema. "Wanne, sisi. Andika tulijua kwenye kona ya tatu tukashuka. Mimi nimekaa na aibu hii tangu kona ile, siwezi kulala nayo."

Mwalimu aliandika. Mkono wake, uliozoea ubao, ulikuwa unaandika herufi ndogondogo, kama anayetaka zisionekane, na Dobi akamwomba aandike kubwa. Akasoma. Kinyozi akasema ndivyo bila mzaha, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwokaji akasema. Shemeji akasema.

"Bado," akasema Dobi. "Kuna daftari lingine umeandika, shemeji. Piga simu."

Alijaribu kujinasua. Alisema watamtia binti wasiwasi bure, kwamba atampigia kesho, kwamba mtandao huku ni wa kubahatisha. Dobi akamwambia alipotaka kusema alipotea mtandao ulikuwepo. Basi akatoa simu, akasimama karibu na dirisha, na Dobi akasimama naye, karibu kiasi cha kusikia.

Binti alipokea upesi, akauliza baba mdogo kuna nini tena, mama ana nini.

"Mama yako mzima. Yupo hapa." Akashika fremu ya dirisha. "Nilikwambia alipotea. Hakupotea. Tulimwacha."

Binti akauliza nani alimwacha.

"Sisi."

"Na wewe ulikuwepo, baba mdogo?"

"Nilikuwepo."

"Akiwa peke yake? Kwenye hiyo baridi?"

Karani wa mahakama, aliyesikia mashahidi maelfu wakibanwa, alitazama nje ya dirisha asipate pa kuweka macho. Akasema ndiyo. Akasema na walijua. Binti hakumtukana, alilelewa vizuri. Alisema tu ampe mama yake simu, na Dobi alipoishika alisikia mwanawe anapumua kwa hasira, pumzi ileile aliyokuwa nayo yeye tangu mlimani, akaona kwamba walau hiyo amemrithisha.

Binti akauliza kama anataka kurudi nyumbani. Dobi akasema anataka mgongo wa tatu. Binti akasema basi avae sweta mbili, na hao watu asiwaangalie usoni kama hawezi. Dobi akasema atawaangalia, wao ndio watakaoona taabu.

Ndipo alipomrudishia shemeji simu, akaenda mezani, akausoma ukurasa mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno, akasema, "Ndivyo."

Alilala vibaya. Alijaribu kuwaombea wanne hao kwa majina. Watatu aliwaweza, wa nne ulimi ulimkwama, na akamwambia Mungu kwamba huyo atamwombea akirudi nyumbani, sasa hivi atakuwa anadanganya.

Asubuhi anga lilikuwa safi. Dereva wa pikapu, ambaye aliambiwa jana kwamba leo ana abiria, alikuwa amefuta siti ya mbele na kukunjia blanketi juu yake. Alisimama kando ya mlango uliofunguliwa akawauliza ni nani anayeenda naye. Mwalimu alikuwa anakaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa. Kinyozi alikuwa anatazama mlima. Shemeji alikuwa ameinamia kamba za viatu vyake.

Dobi alipita katikati yao na begi lake begani. Akalitupa nyuma kwenye mizigo, akalifunga kamba mara mbili.

"Begi tu," akamwambia dereva.

Akapanda baiskeli, akatangulia.